Mama Alipoulizwa Sultani ni Nani



Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za nasaba zetu: nani alimwoa nani, shamba lipi liliuzwa mwaka gani, na nani alivuka bahari na nani akabaki. Leo naandika habari ya maradhi. Nimesita muda mrefu, kwa kuwa yamo ndani yake makosa yangu mwenyewe, na kwa kuwa anayehusika ni mama yangu mzazi, ambaye yu hai hadi leo, tunamshukuru Mola. Niliomba kwanza rai ya dada zangu. Mmoja wao akaniambia: "Andika, kaka. Huenda ikamfaa mtu ambaye mama yake ndiyo kwanza anaanza kupoteza funguo."

Mama alizaliwa Wete, Pemba, katika mwaka tunaoukadiria kuwa 1938. Aliolewa mjini Unguja, na huko akanizaa mimi mwaka 1959. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tulihamia Mombasa, na mwaka 1973, miaka mitatu baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi, tukaingia Maskati. Mama alikuwa na umri wa miaka 35. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha msahafu na dua. Kile cha sokoni na cha ofisini alikiokota hapa, kwa majirani na kwa redio. Mimi nilianza masomo yangu kwa Kiswahili na nikayamalizia kwa Kiarabu, kisha nikawa karani katika wizara moja hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kusajili barua na kutunza mafaili. Nilijivunia, na sioni haya kulisema, kwamba faili halikupata kupotea mikononi mwangu.

Oktoba 2021 tulimpeleka Mama kituo cha afya kwa ajili ya presha yake. Mke wangu, ambaye hushinda naye nyumbani, akamweleza daktari kwamba Mama alikuwa akiuliza jambo lile lile mara nne au tano kwa asubuhi moja, na kwamba alikuwa ametia chumvi mara mbili katika wali, naye ni mwanamke ambaye watu walikuwa wakimwita kupika katika harusi zao. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Akaanza kumuuliza Mama maswali kwa Kiarabu. Siku zile bado sote tulikuwa tumeziba midomo kwa barakoa za maradhi, na Mama husikia kwa tabu.

"Saa ngapi sasa, walida?"

Ilikuwa saa nne za asubuhi. Mama akajibu, kwa Kiarabu, "Arbaa." Daktari akaitazama saa ya ukutani, ambayo kwa hesabu yake yeye ilikuwa saa kumi kamili, akaandika.

"Huu ni mwezi gani?"

"Mfunguo sita," akajibu Mama kwa Kiswahili. Daktari hakufahamu. Akaandika.

"Nani Sultani wa nchi?"

Mama akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali la watoto. "Seyyid Khalifa," akasema. Daktari akaandika.

Tulipotoka, nilikuwa nimehamaki. Ndani ya gari nikamhutubia mke wangu. Kwanza, nikasema, saa ni nne kweli, kwani sisi tunahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na Mama aliifasiri saa yake kwa Kiarabu neno kwa neno. Pili, mwezi ulikuwa kweli Mfunguo sita, ndio Rabiul Awwal, na maulidi tulikuwa tukiyasikia kila usiku. Mama alijibu kwa kalenda aliyolelewa nayo, na aliyekosa kujua ni daktari. Tatu, aliyelelewa chini ya Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala Zanzibar tangu 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960, akisikia neno Sultani, ni jina gani litakalomjia mdomoni? Niliyapanga majibu matatu katika safu moja kana kwamba yalikuwa ya aina moja. Mke wangu akanitazama tu. Alijua, na mimi nilijua, kwamba lile la tatu halikuwa la aina moja na yale mawili. Mama alikuwa ameishi karibu miaka hamsini chini ya Sultan Qaboos, na siku alipofariki, Januari 2020, alimlilia kama ndugu. Sultan Haitham alimwona katika televisheni kila jioni.

Daktari alitupa barua ya kumwona bingwa. Niliipokea, nikaandika tarehe pembeni, nikaitia katika faili la Mama. Faili halikupotea. Barua ilikaa humo mwaka mmoja na nusu.

Sitaki msomaji adhani kwamba hoja yangu ya saa ilikuwa upuuzi mtupu, maana ina ukweli mkubwa, na nyinyi mlioko ughaibuni mnapaswa kuujua. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa watu waliosoma huko. Kipimo kimoja kinachotumika duniani kote, kilichotolewa Montreal mwaka 2005, humtaka mzee achore uso wa saa na kuweka mikono yake penye kumi na moja na dakika kumi. Sasa mtieni mjukuu wetu aliyezaliwa London, afasiri kwa nia njema: "Bibi, chora saa kumi na moja na dakika kumi." Bibi yetu, akili yake ikiwa timamu kabisa, ataupeleka mkono mfupi penye tano, kwa kuwa hiyo ndiyo saa kumi na moja ya jioni aijuayo. Atakuwa amejibu sawasawa, na atahesabiwa amekosa. Kadhalika mzee asiyepata kushika kalamu, akipewa karatasi achore, mkono utamtetemeka kwa haya kabla ya maradhi.

Jambo hili limeshughulikiwa, tena kwa Kiswahili, na si mbali na kwetu. Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wataalamu wa Tanzania wakishirikiana na wa Newcastle, Uingereza, waliwapima wazee vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo au wasiosoma kabisa. Mwaka 2014 walichapisha kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutajiwa maneno na kuulizwa baadaye ayakumbuke. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja. Na badala ya kuchora, hupewa njiti za kiberiti azipange kwa mfano aliouona. Mtu asiyejua kalamu anajua kiberiti.

Lakini mimi wakati ule sikuwa nikitafuta kipimo kilicho bora. Nilitafuta udhuru. Na niliupata mwingine. Nilisoma kwamba watafiti wa Toronto, mwaka 2007, walitazama wagonjwa wa kliniki ya kumbukumbu wakaona wale waliotumia lugha mbili maisha yao yote walianza kuonyesha dalili miaka minne hivi baada ya wenzao wa lugha moja. Mwaka 2013 wengine wakaona mfano wa hayo Hyderabad, Bara Hindi, miongoni mwa wagonjwa 648, hata kwa wasiojua kusoma. Nikajiambia: Mama ana Kiswahili, ana Kiarabu, na Mombasa aliokota na maneno ya Kihindi. Ana ngome tatu. Sikuendelea kusoma hadi mahali panapoelezwa kwamba tafiti nyingine, zilizowafuata watu wazima kwa miaka kabla hawajaugua, hazikuiona faida hiyo, na kwamba hata Toronto na Hyderabad waliopimwa walikuwa wagonjwa tayari. Lugha mbili huenda zikachelewesha. Hakuna aliyesema kwamba zinazuia.

Jamaa nao hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni kijicho cha watu, asomewe. Mwingine akasema kwa Kiarabu kwamba ni *kharaf*, uzee tu, na mwisho wa uzee ni kurudi utotoni. Kusomewa alisomewa, na hakuna ubaya. Ila hili la "uzee tu" nataka kulijibu, kwa sababu ndilo lililotulaza usingizi sote. Huko Hai, katika taarifa iliyotoka mwaka 2013, waliokutwa na maradhi haya walikuwa kiasi cha 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Maana yake ni kwamba 94 hawakuwa nayo. Uzee huyafungulia mlango maradhi haya, lakini wazee walio wengi hufa na akili zao. Anayepotea njia ya msikitini alioswali miaka ishirini anaumwa, kama anavyoumwa mwenye homa.

Ramadhani ya 2023 ilinitoa katika udhuru wangu. Mama alikuwa na vidonge vya presha, akivinywa mwenyewe kama alivyovinywa miaka yote, maana sikutaka kumvunjia heshima kwa kumshikia dawa kama mtoto. Usiku mmoja alivinywa baada ya kufuturu, kisha akavinywa tena kwa kuwa hakukumbuka, na huenda akavinywa tena wakati wa daku. Kikaratasi cha vidonge kilikuwa na matundu mengi kuliko siku. Alipoinuka kwenda kutawadha alianguka msalani. Akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alipokuwa amelala hospitalini, muuguzi akaniomba karatasi zake za zamani. Nikafungua faili, na barua ya Oktoba 2021 ikawa ya kwanza juu, safi, ina tarehe kwa mwandiko wangu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni daktari. Amekulia hapa Maskati, lakini kwa bibi yake alilelewa kwa Kiswahili. Baada ya Idi alikuja nyumbani, akakaa na Mama juu ya jamvi, akaniambia: "Mjomba, leo tumuulize kwa lugha yake na kwa mambo yake, ili usibaki na neno." Hakufanya kipimo rasmi, bali mazungumzo kwa mfano wa kile cha Hai, na mimi nikaruhusiwa kukaa kimya pembeni.

Akamwomba ataje wanyama. Mama akaanza vizuri: "Kima, komba, paa, ng'ombe, mbuzi, punda." Akanyamaza. Kisha: "Paa. Komba." Akanyamaza tena. "Paa, nimeshamtaja?" Mpwa wangu akampangia njiti nne za kiberiti, akamwomba apange kama zile. Mama akazitazama, akaziokota moja moja kwa mkono wake wa kushoto, akazirudisha zote katika kiberiti, akakifunga. "Zisilowe," akasema. Akamuuliza majina ya watoto wake. Sisi ni saba, akataja watano. Mimi nilikuwamo. Waliokosekana ni wawili wadogo, waliozaliwa hapa Maskati.

Mwisho akamuuliza, "Bibi, huu ni mwezi gani?"

"Mfunguo sita," akajibu Mama.

Ulikuwa Mfunguo mosi. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, mkono ulikuwa bado katika plasta, na mabaki ya halua ya Idi yalikuwa mezani. Nikakumbuka lile jibu la Oktoba 2021 nililolitetea kwa ushindi ndani ya gari, na nikatambua kwamba sikuweza tena kujua kama siku ile alikuwa anaujua mwezi au ulimi ulisadifu tu. Nilitoka nje nikakaa barazani.

Baada ya hapo tulimpeleka kwa bingwa. Alipigwa picha ya ubongo, akatolewa damu kutazamwa tezi ya shingo na vitamini B12, akapimwa masikio. Vipimo hivi si vya kupita tu, kwani yako mambo yanayomfanya mtu asahau ambayo yakitibiwa hupungua au huondoka: tezi iliyolegea, upungufu wa vitamini hiyo, huzuni kubwa, dawa zinazogongana, na uziwi. Kwa Mama masikio yalikuwa sehemu ya tatizo, na kifaa cha kusikilizia kilimrudisha katika mazungumzo kwa muda. Yaliyobaki bingwa aliyataja kwa jina: maradhi ya Alzheimer, na juu yake athari za presha ya miaka mingi katika mishipa midogo ya ubongo.

Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, huko Frankfurt, aliletewa mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa akificha vitu na kumtuhumu mumewe bila sababu. Alzheimer alikaa naye siku baada ya siku akimuuliza maswali mepesi na kuandika majibu yote, hata yale yasiyo na maana. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini akaona mabaka baina ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Leo tunajua kwamba mabaka ni ya protini iitwayo amiloidi na nyuzi ni za protini nyingine iitwayo tau. Kilichonigusa mimi, kwa kazi niliyoifanya, ni kwamba faili la mgonjwa yule lilipotea machoni mwa watu kwa miongo mingi, likaja kuonekana Frankfurt mwaka 1995, na mwandiko wa daktari ungali unasomeka. Daktari yule aliandika akiwa na mgonjwa mbele yake. Mimi nilikuwa na karatasi na kalamu na mama mwenye habari za nusu karne, nikasema kesho.

Maradhi haya aghalabu huanza sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ndiyo maana la asubuhi hupotea ilhali la miaka sitini limesimama. Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo tangu 1881: yaliyoingia mwisho hutangulia kutoka. Kwa mtu aliyeishi mahali pamoja, huko ni kusahau chakula cha mchana. Kwa watu wa safari kama sisi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa kila kipande cha maisha yetu kina nchi yake na lugha yake. Kwa Mama, Kiarabu cha sokoni kilikwenda kwanza. Alikuwa akiongea na jirani yetu kwa miaka thelathini. Siku moja jirani alikuja na sahani ya tende, na Mama akamjibu kwa Kiswahili, kisha akaniuliza kwa nini mwanamke yule hajibu. Kiarabu cha sala hakijaondoka. Baadaye ikaenda nyumba hii: akawa anaomba arudishwe nyumbani, na nilipomuuliza ni wapi, alitaja mtaa wa Mombasa. Mwaka uliofuata, nyumbani kukawa Wete. Na mimi sikuwa tena mwanawe. Nikawa kaka yake, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1981.

Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. "Mama, mimi ni mwanao. Mjomba alikufa zamani." Kila nilipomwambia hivyo alipata msiba upya, akalia machozi ya siku ile ile, na baada ya robo saa akasahau sababu lakini huzuni ikabaki. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hapo humfunzi kitu, unamfisha mtu kila siku." Tangu hapo akiniita Kaka, naitika. Sisemi mimi ni kaka yake. Nasema, "Labeka, Bi," na kumuuliza habari za Wete. Huko anakumbuka karafuu zikianikwa juu ya majamvi uwanjani, na watoto wakikatazwa kuzikanyaga.

Mwisho wa Desemba 2024 zilitangazwa habari za kifo cha Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyetolewa na Mapinduzi, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, na hatimaye kuruhusiwa kurejea hapa Omani mwaka 2020. Nilimsomea Mama habari ile bila kutaraji jibu. Siku zile alikuwa hasemi sana. Akainua uso. "Jamshid wa Seyyid Abdalla? Mjukuu wa Seyyid Khalifa?" Nikasema ndiye. "Maskini, kijana yule," akasema, akamwombea rehema. Aliyekufa alikuwa na miaka 95. Lakini nasaba aliitaja sawasawa, daraja mbili, na hakuna nilichokipata kutoka kwake kama hicho tangu siku ile.

Sasa nataka niseme nilichojifunza, kwa wale ambao bado wana nafasi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kupoteza akili, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako mabingwa ni wachache. Dawa zipo, nazo si tiba. Zile za zamani humsaidia mgonjwa kwa muda. Mojawapo ya mpya, lecanemab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kidogo kasi ya maradhi kwa walio mwanzoni kabisa, na ina hatari zake. Kwa Mama, hata ingekuwapo hapa, wakati wake ulikuwa umepita. Kwa hiyo neno "mwanzoni" lisikieni vizuri.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeweza kuondolewa yote, karibu nusu ya maradhi haya duniani yangezuilika au kucheleweshwa. Nitayataja yale yaliyomo katika nyumba zetu: presha, sukari, mafuta mabaya katika damu, kukaa bila kutembea, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, huzuni isiyotibiwa, na upweke. Tazameni orodha hiyo, kisha mtazame mama aliyebaki peke yake katika nyumba ya vyumba sita, watoto wako ng'ambo, simu ya Ijumaa ya dakika tano, na yeye anaitikia "ndiyo" kwa kuwa hasikii vizuri kinachosemwa. Kumnunulia kifaa cha masikio ni bora kuliko kumpelekea kitenge kingine.

La pili, mzee wenu akipelekwa kupimwa, aende na mtu anayejua lugha yake ya kwanza, saa yake na miezi yake. Mwambieni daktari kabla hajaanza kwamba saa nne ya Bibi ni saa kumi yake. Madaktari wengi watashukuru. Lakini mkishasema hayo, nyamazeni, mwacheni mzee ajibu, na muyasikilize majibu yake. Mimi nilitumia tofauti ya lugha kama pazia, nikajificha nyuma yake nisione, na aliyelipa ni Mama kwa mkono wake.

La tatu, chukueni barua ya bingwa, mwende siku ile ile kuomba miadi. Na dawa za mzee zishikwe na mtu mwingine, kwa adabu. Heshima yake haikuwa ndani ya kile kikaratasi cha vidonge.

La nne ndilo la ukurasa huu. Ninayo picha, imo katika kasha la Mama, iliyopigwa Wete wakati wa harusi, kwa makadirio yangu katikati ya miaka ya 1950. Wanawake saba wamesimama mbele ya nyumba yenye baraza ya mawe. Mama ni wa pili kutoka kushoto, msichana bado. Mwaka 2019 nilimwona akiitazama na kuwataja wote saba kwa majina ya baba zao na babu zao, akicheka kuhusu mmoja aliyekataa kusimama karibu na wifi yake. Nikasema nitaandika nikipata nafasi, naye nilikuwa naye chumba kwa chumba, na mimi nimestaafu. Mwaka 2023, baada ya kutoka kwa bingwa, nilimletea picha ile na kalamu mkononi. Akawataja watatu. Nikairudia siku nyingine, asubuhi, wakati ambao huwa mzuri zaidi. Watatu wale wale. Nyuma ya picha yapo majina matatu kwa mwandiko wangu, na mistari minne mitupu.

Nimeiweka picha hiyo chini ya maandishi haya. Kama katika kasha la mama au bibi yako ipo picha kama hii, igeuze utazame nyuma. Kama mzee wako bado anawajua hao waliosimama, muulize leo, kwa Kiswahili, na uandike palepale. Wa tatu kutoka kulia amevaa mkufu wa sarafu na amemshika mtoto mkono. Mama kila akifika kwake husema, "Huyu namjua," kisha huninyooshea mimi picha, kana kwamba mimi ndiye wa kulitaja jina.